Mvuke Kwenye Njia ya Kumbi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano wala kumgusa mgonjwa. Sista Mkuu wa kituo cha afya pale Kibiti alinikabidhi beseni la mikasi yenye damu, mswaki uliokwisha meno na kipande cha sabuni ya mche, akaniambia nioshe. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la uhudumu, nimelipiga pasi ya mkaa mpaka limenyooka, nikanuna. Alipopita mara ya pili akaiona midomo yangu.

"Umenuna nini, binti? Ulidhani umekuja kupiga picha?"

"Hapana, Sista. Nilidhani nitachoma sindano."

"Utachoma siku utakayojua sindano imetoka wapi." Akauchukua mkasi mmoja niliokwisha kuuweka upande wa visafi, akaupanua, akanionyesha weusi uliojificha kwenye kiungo. "Hii damu ya mzazi wa jana. Ukiichemsha hivi hivi unaipika tu, na vijidudu vinakaa ndani yake vimejifunika blanketi. Osha!"

Ndivyo nilivyoanza, wakati kila bomba la sindano lilikuwa la kioo na lilirudi kwetu kila lilipotumika. Ninyi vijana wa leo mnachana karatasi, mnatumia, mnatupa. Sisi tulikuwa na mpangilio wetu, na ole wako uruke hatua. Kifaa kililowekwa kwanza katika dawa ya klorini, kikasuguliwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kikakaushwa, kikafungwa kwa kitambaa. Hapo ndipo kilipoingia kwenye chungu cha mvuke, sufuria nene la chuma lenye kifuniko cha kukaza kwa parafujo, lenye saa ndogo juu ya kuonyesha nguvu ya mvuke. Maji ya kawaida yakichemka yanaua vijidudu vingi, lakini vile vya pepopunda vinakaa humo na kutoka vizima. Mvuke uliofungiwa ndio unaovimaliza. Wagonjwa walinung'unika kwenye benchi na mimi nilikaa kando ya chungu changu, sifungui mpaka muda utimie.

Kutoka Kibiti nilihamishiwa zahanati moja ya deltani, chini ya Mganga Msaidizi, mtu mpole mno. Kule adui alikuwa maji. Maji ya mtoni yalichanganyika na ya bahari, na vifaa vikichemshwa humo vilitoka na kutu na ukoko mweupe uliokula makali ya mikasi. Nikaweka pipa chini ya bati kukinga mvua, nikapiga marufuku mtu kuchota humo. Siku moja akaja Mwenyekiti wa Kijiji na ndoo, ana wageni, anataka maji matamu ya chai. Nikamkatalia. Akanitolea macho, akamwita Mganga Msaidizi aje anitie adabu, na Mganga Msaidizi akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumwona kijiji cha pili. Wageni walikunywa chai ya chumvi.

Nasimulia haya mjue kwamba ukaidi wangu haukuanzia kumbini, kule kambini kwa jando.

Miaka ya soko huria ilinikuta nimeshahamishiwa zahanati ya upande wa Mahege, nimeolewa huko, na mwanangu wa pekee, Salumu, amefikia umri wa jando. Maduka ya Ikwiriri yalikuwa yamejaa bidhaa, mabasi hayahesabiki, na ule ugonjwa mpya, Ukimwi, ulishuka stendi pamoja na abiria wengine. Zahanati kwa upande wake ilikaukiwa hata mafuta ya taa. Msimu wa jando uliotangulia, mtoto wa jirani yangu, Mama Hadija, aliletwa kwetu kutoka kumbini taya zimekakamaa kwa pepopunda. Tulimzika. Ngariba alitumia kisu kimoja kwa wote, cha kurithi, na kutoka mtoto hadi mtoto kilifutwa kitambaa tu.

Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu.

"Mama Salumu," akasema, "unayoniambia nayajua yote. Lakini mimi mgeni hapa. Leo nikiingilia jando lao, kesho hakuna mama atakayeleta mtoto kliniki."

"Basi niazime chungu."

"Chungu ni cha serikali."

"Na watoto ni wa nani?"

Akatazama dari. "Mafuta ya taa sikupi. Ni ya wazazi." Kuhusu chungu hakusema tena, nami nikakuhesabu kunyamaza kule kuwa ruhusa.

Ngariba wetu, Mzee Mbwana, sikutegemea anikubalie. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini mkekani, nikamweleza. Alimjua marehemu mtoto wa Mama Hadija, na kifo kile hakikumwacha salama. Akasema visu vya baba yake na babu yake vipo, na vinavyopungua mfua vyuma atafua, kila mtoto awe na chake. Nikapita kwa akina mama, kila mmoja akachana upindo wa kanga yake. Kila kisu nikakifunga kwa kitambaa cha mama wa mtoto, ili kumbini kusiwe na kuchanganya, nikavipitisha kwenye mvuke kwa moto wa kuni, nikampa mume wangu avipeleke.

Asubuhi ya jando wanawake tuliishia njia panda, kama ilivyo ada. Mama hafiki kumbini, na sauti ya mama haitakiwi kusikika kumbini; ikisikika, jando husimama. Tukiwa pale, shemeji yangu akatoka huko kuchukua maji. Nikamuuliza habari za visu.

"Viko salama, shemeji. Mzee kavifungua vyote, kavitia kwenye beseni la dawa, pamoja na kile chake cha zamani."

Kwa Mzee Mbwana, kisu kisichosomewa na kulowekwa dawa ya mizizi hakijawa kisu cha jando, na moto wangu uliviacha vitupu. Basi kwa mkono wake, na kwa nia njema kabisa, aliviloweka vyote pamoja katika maji ya mtoni yaliyochovywa kisu kilekile cha mwaka jana. Kazi yangu yote ilikuwa imefutika, na mwanangu alikuwa mstarini.

Nikaita. Niliita kwa sauti yote Mungu aliyonipa.

"Salumuuu! Salumu mwanangu, weee!"

Ngoma zikanyamaza. Salumu hakuitika, maana mwari, mtoto aliyekwisha kuingia jandoni, haitikii sauti ya mama, na kimya kile kinaniuma hata leo. Nikaita tena.

Mume wangu alikuja mbio. "Wee mwanamke, una kichaa? Unanivunjia heshima mbele ya wazee!"

"Heshima yako tutaiunga, Baba Salumu. Mtoto akikakamaa taya, yeye utamuunga na nini?"

Nyuma yake akaja Mzee Mbwana, polepole, uso umekunjamana. "Mwanangu, mimi nilikubali moto wako. Mbona wewe huitaki dawa yangu?"

Lilikuwa swali la haki, na nililijibu kwa adabu. "Dawa yako sijaikataa, mzee wangu. Visomee, viloweke utakavyo. Ila mvuke uje mwisho, na kila kisu kikitoka humo kisiguse kitu mpaka kimguse mtoto wake."

"Dawa kwanza, moto baadaye?"

"Moto mwisho."

"Na wazee wakikataa?"

"Nitaita mpaka sauti ikauke. Na hawa wenzangu kila mmoja ataita wa kwake."

Wenzangu sikuwa nimewauliza. Lakini hakuondoka hata mmoja, na Mama Hadija, ambaye hakuwa tena na mtoto wa kumwita kumbini, alikuja kusimama ubavuni mwangu.

Mzee Mbwana alirudi, akatoka na beseni. Chungu kikaletwa njia panda, tukakiweka juu ya mafiga. Nikavisugua visu, nikavisuuza, nikavifunga upya kila kimoja kwa kanga yake. Wazee walikaa chini kusubiri mvuke wa mwanamke, wakisonya, jua linawachoma. Mmoja akauliza kama hakijaiva. Nikamwambia kikiiva nitampakulia.

Watoto wote walitoka kumbini kwa miguu yao. Mimi niliadhibiwa. Chakula nilichompikia Salumu kumbini kilirudishwa mlangoni kwangu kila siku, hadi niombe radhi, walisema. Sikuomba. Nililia jikoni, sikatai, na mwanangu alikula chakula cha Mama Hadija mpaka jando likaisha. Msimu uliofuata Mzee Mbwana alinijia mwenyewe na visu ndani ya kikapu. "Nimemaliza yangu," akasema. "Washa." Ikawa hivyo kila msimu hadi wavulana walipoanza kutahiriwa zahanati. Hata hivyo wazee waliendelea kunidai radhi yao.

Nilipostaafu, ofisi ilinifanyia hafla. Mnajua desturi ya kuagana: mstaafu husimama, akashukuru, akasema kama yuko aliyemkosea, amsamehe. Wazee wa kijiji walialikwa wakakaa mbele, na nilipoinuka nikawaona wamejiweka sawa kwenye viti. Mganga Mfawidhi mpya, kijana wa watu, akaninong'oneza, "Bibi, maneno mawili tu, yaishe."

Niliwashukuru wote. Nikasema yeyote niliyemwosha kwa maneno makali kazini anisamehe. Kisha nikawaambia kwamba radhi ya njia panda siombi, sikuwa nayo wakati ule na sasa pia sinayo, na ingekuwa kesho ningeita tena hivihivi. Nikavuta pumzi.

"Salumuuu!"

Watu wakashtuka. Kule nyuma, kwenye mabenchi ya mwisho, mwanamume mwenye ndevu akasimama na mtoto begani, akaitika kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima.

"Labeka, mama!"