Mimi Katikati ya Koko na Mama

Sisi tuliokulia Gisenyi kabla kila mfuko haujawa na simu tulibadilisha lugha kama mtu anavyohamisha dumu la maji kutoka mkono huu kwenda ule. Ulitoka nyumbani na Kinyarwanda chako. Ukifika kwa mama wa mandazi, Kiswahili, kwa sababu yeye alivuka mpaka kutoka Goma asubuhi ile na jioni angerudi. Ukiingia lango la shule, Kifaransa, na mwalimu alikuwa na fimbo. Kiingereza kilikuja baadaye, tukiwa sekondari: tulifunga mwaka kwa Kifaransa, tukafungua mwaka kwa Kiingereza, na mwalimu wetu wa fizikia, maskini, akasimama mbele yetu akijifunza pamoja nasi. Tulicheka mpaka tukafukuzwa darasani. Leo binti yangu Keza, miaka kumi na miwili, anaongea Kiingereza cha puani kana kwamba alizaliwa ndani ya televisheni, lakini mtume kwa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, uone. Anasimama pale akionyesha kwa kidole.

Mimi nilikuwa na lugha moja zaidi, Kihavu, lugha ya watu wa ziwani, na niliipata kwa Koko. Koko ni bibi, mama mzaa baba. Wazazi wangu walipokuwa wanahangaika kutafuta maisha mjini waliniacha kwake kisiwani Ijwi, nikakaa mpaka miaka saba, mguu mtupu, tumbo limejaa ndizi na samaki, Kiswahili nikikiokota kwa wachuuzi wa boti. Babu alipofariki, baba alikuja kutuchukua sote wawili. Tulifika Gisenyi kwa boti, mimi nikiwa nimetapika njia nzima, Koko akiwa na kiko chake mdomoni kama bibi harusi aliyelazimishwa.

Mama yangu alikuwa amerudi kutoka Masisi, upande wa Kongo. Alikuwa na Kinyarwanda cha nyumbani na Kiswahili cha Kongo cha biashara, maana aliuza viazi. Alivifuata Busasamana na soko la Mahoko, akavileta mjini. Kihavu hakukijua. Koko naye alijua Kihavu tu, pamoja na maneno mawili ya Kiswahili: "chumvi" na "hapana". Baba alizijua zote, lakini alikuwa dereva wa lori. Alikuja wiki moja kwa mwezi, na wiki hiyo alilala.

Basi nani alibaki katikati? Mimi.

Siku ya kwanza mama alipika sombe, majani ya muhogo. Alitwanga tangu saa sita, akatia mawese ya kuazima kwa jirani, akavaa kitenge kipya. Koko akaonja. Akatafuna, akameza, akasema kwa sauti tamu kabisa kwamba kwao majani kama haya wangewapa mbuzi, na mbuzi wenyewe wangefikiri kwanza.

Mama akanigeukia na macho yake yote. "We mutoto, anasema nini mukecuru?" Yaani bibi kizee.

Jamani, mngefanya nini? Nilimtazama mama, jasho bado liko kwenye paji la uso. Nikasema: "Anasema sombe ni laini. Hajawahi kula laini hivi."

Mama akafurahi, akamwongezea. Koko akaona rundo la pili linakuja, akaniuliza huyu mwanamke ana kichaa gani. Nikamwambia mama: "Anasema asante."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na ilidumu miaka mitatu. Mama akisema, "Ambia huyo mukecuru aache kutema tumbaku kwa mulango wangu, mi nachoka," nilimwambia Koko kwamba mama anauliza kama tumbaku inatosha. Koko akajibu haitoshi. Sasa ikabidi mimi nitafute tumbaku! Halafu nimwambie Koko kwamba kule nyuma ya nyumba kuna jua zuri la kuvutia kiko, halafu nichukue maji na ufagio nisugue mate pale mlangoni, juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo hayasuguliki. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba barabarani, nawasikia wanahesabu kwa Kifaransa, mimi niko na ufagio. Uongo ni kazi ya mikono, watu hawajui.

Lakini nyumba ilikuwa na amani. Mama aliwaambia majirani, "Mama mukwe wangu ni malaika, mi sijasikia neno mbaya kwake." Koko naye, wageni wa Kihavu wakipita, aliwaambia kwamba mke wa mwanawe ana adabu, tatizo lake ni mikono ya jikoni tu. Walikaa jikoni pamoja, mmoja anamenya viazi, mwingine anachambua maharagwe, kila mmoja akiongea lugha yake kwa saa nzima, na mimi katikati nikigeuza pilipili kuwa sukari. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilifikiri nikinyamaza siku moja, nyumba itaanguka.

Kuna kitu kilinishangaza hata wakati ule. Mara nyingine mama alisema neno kali kwa Kinyarwanda, na kabla sijafungua mdomo, Koko alikuwa ameshacheka. Nikasema, wazee wanacheka tu.

Mwaka wa tatu, msimu wa mvua, Koko akaanza kukohoa. Asubuhi moja aliniita, akanishika mkono, na hakufanya mzaha. Aliniambia nimwambie mama kwamba anataka kurudishwa kisiwani kabla nguvu hazijaisha. Alitaka kulala mgombani, kando ya mume wake, kama kwao wanavyozikwa. Hakutaka kuachwa kwenye makaburi ya mji kati ya watu asiowajua. Alirudia mara mbili, polepole, ili nisikosee.

Nilienda jikoni. Kutoka chumbani hadi jikoni ni hatua kumi. Katika hatua hizo kumi nilijua jambo moja tu: Koko akienda, ameenda, na mimi nitabaki. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa anapuliza makaa.

"Anasema nini?"

"Anasema amechoka kidogo. Anaomba chai."

Mama alinitazama muda mrefu, uso umejaa moshi. Kisha akabandika maji. Nilimpelekea Koko chai, na nilipofika nikamwambia: mama amekubali, tutakupeleka mavuno ya viazi yakiisha.

Wala sikulia. Nilisema kama ninavyosema siku zote.

Koko akafunga mzigo wake siku hiyohiyo: kitenge kimoja, kiko, na jembe dogo alilokuja nalo. Kila asubuhi alivaa vizuri, akakaa mlangoni akiangalia ziwa, mzigo magotini. Siku hewa ikiwa safi kisiwa kilionekana kule mbali, mstari tu. Mama akipita na gunia aliuliza, "Iko anangoya nani?" Nami nikajibu, "Anaota jua." Jua gani? Ninyi mnaijua mvua ya Gisenyi. Koko akiniuliza viazi vimebaki vingapi, nilimwambia vimebaki vichache.

Alifariki viazi vikiwa bado sokoni. Tulimzika kwenye makaburi ya mji. Baba alifika siku ya nne, lori limejaa tope, akakaa kwenye kiti cha Koko akauliza, "Hakusema kitu?" Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Aliombaka chai tu," akasema.

Nilifikiri ni Mungu ameniokoa. Nikanyamaza, na nikanyamaza kwa Kihavu pia, kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kuongea naye. Baba na mimi tuliongea Kinyarwanda kama watu wote. Na hapa ndipo kichwa changu kinapovurugika mpaka leo. Nafanya kazi mapokezi ya hoteli kando ya ziwa. Mgeni anafika, namkaribisha kwa lugha nne, wananisifu. Lakini nikimkumbuka Koko ananisemesha, namsikia kwa Kiswahili. Koko! Mwenye "chumvi" na "hapana"! Namsikia wazi kabisa, "Mwanangu, nirudisheni," sauti ni yake, kikohozi ni chake, na maneno siyo yake. Siku nyingine namsikia kwa Kinyarwanda. Sasa ni nani ananisemesha? Je, hata ile sentensi ninayoibeba miaka yote hii ndiyo aliyoisema, au ni tafsiri yangu nyingine? Mimi ndiye niliyegeuza kila kitu katika nyumba ile. Nijiamini kwa nini?

Jumapili iliyopita mama alikuja kwangu. Amezeeka, magoti yanamuuma, lakini mpe kisu na viazi, atakumenyea ndoo nzima akipiga soga. Tulikuwa tunamenya wote wawili juu ya karai moja, Keza yuko mezani na kazi ya shule: aandike lugha zinazosemwa katika familia yake.

"Nne," nikamwambia. "Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza."

"Andika tano," mama akasema, bila kuinua kichwa.

Keza akauliza kwa Kinyarwanda ya tano ni ipi. Na mama yangu, mama wa Masisi, mama wa "anasema nini mukecuru", akafungua mdomo akasema kwa Kihavu. Alikisema vibaya, na ulimi mzito, lakini alikisema. Ilikuwa sentensi ya Koko. Kisiwa, mgomba, mume wake, watu asiowajua. Yote, kwa mpangilio uleule.

Kisu changu kilianguka kwenye karai.

Keza akachukua simu haraka, wanavyofanya vijana wa siku hizi, akaisogeza kwa bibi yake, ambaye naye humwita Koko, ili itafsiri. "Rudia, Koko, sema polepole." Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kitu kuhusu kuku. Mama akacheka hadi machozi. Mimi sikucheka.

"Ulijua," nikamwambia.

"Bon. Utakaa na mutu nyumba moja, mupike kwa moto moja, miaka mitatu, ukose kusikia luga yake? Mi nilianza kusikia mwaka wa kwanza. Ya mbuzi na sombe sikuisikia siku ile, lakini aliirudiliaka mara mingi."

"Sasa mbona uliniacha niongope?"

"Ulikuwa unaongopa muzuri," mama akasema. Akamenya kiazi kizima kabla ya kuendelea. "Na ile siku ya chai, nilisikia kwa ukuta vile alikuambia. Nikasikia na vile ulimuambia mama amekubali. Ningetoka, ningesema. Nikabaki kwa makaa. Nikasema, mutoto ameniondolea kazi ngumu."

"Kama ulichoka kumhudumia, ungemrudisha tu. Boti ilikuwepo."

"Nani alichoka?" Akanikata jicho lile la zamani. "Mama yangu alibakia Masisi, kwa udongo. Hapa Gisenyi mi sikukuwa na mutu. Huyu mukecuru alikuwa ananitukana kila asubui, mikono yangu, sombe yangu, vile nafunga kitenge. Angeenda, nani mwingine angenitukana?"

Nikaokota kisu changu karaini. Swali hilo nimezunguka nalo wiki nzima, mapokezini, wageni wakinipa pasipoti zao. Miaka yote nimebeba dhambi ile peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, na sijui kama nimefarijika au nimeibiwa. Na kama mama alisikia Kihavu, Koko alisikia nini kwa Kinyarwanda? Alicheka kwa sababu gani? Alipokaa mlangoni na mzigo wake, akimsikia mama akiuliza anangoja nani, nami nikijibu anaota jua, je, alielewa? Alielewa akaendelea kukaa tu, kwa ajili yangu? Mungu wangu. Pengine wale wawili hawakunihitaji hata siku moja. Pengine walinituma tu kwa sababu kila mmoja aliogopa kusema mwenyewe.

Sijui. Najua tu kwamba enzi zile neno lilipita kwa mtu mwenye woga wake na mapenzi yake, na lilifika limepunguzwa, limeongezwa, na wakati mwingine halikufika. Simu za watoto wetu haziogopi. Zingekijua Kihavu, zingemwambia mama habari ya mbuzi siku ile ile ya kwanza, na Koko angekuwa amerudi kisiwani kabla ya wiki kuisha, akazikwa mahali pake. Namwonea wivu Keza, na namhurumia, yote mawili, sijui lipi zaidi.

Jumapili ile Keza alikuwa bado amenikazia macho. "Mama, Koko amesema nini?"

Nilimtazama mama yangu. Mama alikuwa na kazi yake, maganda yanaanguka. Nikamtafsiria Keza neno kwa neno, kwa mara ya kwanza maishani, bila kuongeza, bila kupunguza: kwamba mama wa babu yako aliomba arudishwe kisiwani, alale mgombani kando ya mume wake, asiachwe kati ya watu asiowajua.

Keza akaandika tano kwenye daftari. Kisha akaweka kalamu chini.

"Na mlimjibu nini?"

"Uliza mama yako," mama akasema. "Yeye ndio alikuwa mukalimani."

Nikamwambia. Nilimjibu kwamba tutampeleka mavuno ya viazi yakiisha.

Keza akatazama karai lililo kati yetu, limejaa viazi vya Busasamana, vyeupe, vimeshamenywa.

"Na yaliisha?"

"Yaliisha," nikasema. "Yameisha kila mwaka."