Maneno Aliyoyageuza Shemeji

Mgongo wangu enzi hizo ulikuwa mgongo kweli. Robota la pamba ambalo wanaume wanne wanalizunguka kwanza, wanashika viuno, wanalitazama kama wanatazama mgonjwa, mimi nalibeba peke yangu huku napiga mluzi. Sawa, siyo peke yangu, tulikuwa wawili. Lakini yule mwenzangu alikuwa anashika tu asionekane mvivu.

Hapo ni Shinyanga, kwenye kinu cha pamba, miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku sita nabeba, ya saba nacheza ngoma. Na kwenye ngoma nilikuwa mtu wa mbele. Kwetu Usukumani mtu wa mbele siyo jambo dogo. Pamba ikishavunwa, makundi mawili yanakutana uwanja mmoja, yanacheza saa ileile, kila kundi na ngoma zake, na watu wanakwenda kusimama kule kunakowapendeza. Mwenye watu wengi ndiye kashinda. Hakuna refa. Mwaka huo wapinzani walikuja na chatu, mnene kama mtungi wa pombe. Uwanja wote ukahama. Hata mama yangu mzazi alihama, nilimwona kwa macho yangu, anakimbia ameshikilia khanga isimdondoke.

Manju wetu, ndiye mkuu wa ngoma na mtunga nyimbo, akanifuata.

"Ngosha, mwakani nataka kitu ambacho hata huyo chatu atakuja kukitazama. Ukishindwa, namweka mwingine mbele."

Nikakosa usingizi. Yaani nilale mtu wa mbele, niamke mtu wa nyuma? Bora nihamie Geita nikachimbe mashimo.

Aliyenitoa kwenye mawazo ni shemeji, mume wa dada yangu. Naye alicheza kundi letu, mstari wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kumpikia fundi wa mashine wa pale kinuni, Mhindi mmoja mwembamba, akigeuka ubavu unafikiri ameondoka. Huyo fundi kila alfajiri alitandika mkeka barazani akafanya yoga, na shemeji nyuma yake anafuatisha. Siku moja akanipeleka nikatazame. Na siyo yoga hivi hivi, mwenyewe aliiita ashtanga. Ina mpangilio wake: unafanya hili, ndipo lile, ndipo lile, huruki. Anapumua kwa pua na sauti inatoka kama mtu anapepeta mchele. Mwishoni kabisa anajipinda kinyumenyume mpaka viganja vinagusa sakafu nyuma yake, anakuwa upinde. Mimi nilipoona ule upinde nikasema, chatu amekwisha.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Ule wa kinyumenyume."

Akacheka mpaka akakaa. "Ule wa mwisho. Wewe anza wa kwanza."

Wa kwanza ni wa kuliamkia jua. Mikono juu, unainama, unarusha miguu nyuma, kifua mbele, makalio juu, unarudi. Mara tano. Nikadhani mchezo wa watoto. Ya tatu jasho likanitoka hata kwenye kope.

"Sikiliza pumzi," akaniambia. "Ikikwaruza, umezidisha. Rudi nyuma, pumzika. Hili likitulia, mimi nakupa la pili. Jumamosi hakuna. Mwezi mpevu hakuna. Mwezi mwandamo hakuna."

"Kumbe mwili nao una sikukuu?"

"Nyingi kuliko zako."

Miezi miwili ikapita, nina mawili tu. Nikapiga hesabu: kwa mwendo ule upinde ningeufikia nikiwa na miaka mitatu kaburini. Nikamuuliza shemeji, "Wewe ule upinde ulikuchukua muda gani?"

"Mimi? Wiki mbili."

"Wiki mbili!"

"Mzee anakuchelewesha tu, shemeji. Wewe una mgongo wa dume la ng'ombe, unasubiri nini?"

Basi saa ya chakula nikawa najificha nyuma ya rundo la mbegu za pamba, najipinda. Kiunoni kulikuwa kunauma kama siafu wamefanya mkutano wa hadhara. Siku moja fundi akaniona kutoka dirisha la mashine. Bahati mbaya siku hiyohiyo lori lilikuwa linamngoja, anapelekwa upande wa Geita kufunga mashine kwenye kinu kipya, na dereva ameshawasha. Nikamwona anamwita shemeji mlangoni mwa lori. Ananionyesha mimi, anazungumza haraka, mkono unakata hewani, unakata, unakata. Lori likaondoka. Shemeji akaja.

"Amesemaje?"

"Amesema umefika. Ongeza kila siku, hata Jumamosi, hata mwezi mpevu. Hayo maumivu ndiyo mgongo unafunguka. Ukiacha sasa utajifunga tena."

"Na ule mkono, alikuwa anakata nini?"

"Anakata woga wako, shemeji."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Ameoa kwetu. Tumekula sahani moja tangu walipohamia jirani, na kipande cha mwisho cha nyama alikuwa ananisukumia mimi.

Siku ya mashindano nikatoka mbele. Ngoma zinalia, nikainua mikono, nikajipinda. Watu wakaanza kumiminika, nilikuwa nawaona kichwa chini miguu juu, wanakuja mbio. Chatu akabaki na mwenyewe tu. Viganja vikagusa chini. Nataka kuinuka, kiuno kikasema *ka!* Kilisikika mpaka Maganzo, na Maganzo siyo karibu. Siendi juu, siendi chini, nimebaki pale kama daraja lililokosa mto.

Shemeji akatoka mstari wa nyuma. Akaniruka. Akajipinda, akainuka, akajipinda, akainuka, laini kama mafuta ya kula. Vigelegele! Mimi nikabebwa juu ya mlango wa mtu, na vumbi la watu wetu wanaoshangilia likanijaa mdomoni. Tulishinda. Niliambiwa baadaye.

Fundi aliporudi nilikuwa bado nimelala kwenye ngozi ya ng'ombe, dada yangu ananinywesha uji. Akaingia hata kukaa hakukaa.

"Kwa nini ulikataa maneno yangu?"

"Maneno gani, fundi? Nimeyafuata yote, mpaka Jumamosi."

"Jumamosi! Mimi nilisema mwambie aache. Mwezi mzima asijipinde, mgongo bado haujawa tayari. Nikasema hivi." Mkono wake ukakata hewa.

Kijiko cha dada kikabaki njiani. Nikauliza, "Na yeye upinde ulimchukua muda gani?"

"Mvua tatu."

Dada akaweka bakuli chini, akatoka nje. Mimi nikacheka. Sina namna nyingine ya kupokea mambo, na kucheka kwenyewe kuliniuma mbavu, kiuno na mahali pengine ambapo mpaka leo sipajui jina.

Fundi akanianzisha upya. Kulala chali kama maiti na kupumua, basi. Hilo niliweza vizuri, nilikuwa bingwa. Baada ya muda mrefu akaniruhusu kuinua mikono. Kazi ya marobota ilishakwisha, nikapewa kufagia. Fundi hakumfukuza shemeji jikoni, ila mkekani hakumtaka tena.

Mavuno mengine yakakaribia. Shemeji akaja, akachuchumaa pembeni yangu kama zamani.

"Yale ya nyuma si yamepita, shemeji."

"Yamepita wapi? Mimi nimeyalalia hapa."

Akatazama pembeni. "Manju anataka kitu kipya. Kuna lile la kusimama kwa kichwa. Wewe fundi anakwambia. Linaanzwaje?"

Jamani, uongo ulikuja mdomoni mtamu kama asali ya nyuki wadogo. Neno moja tu: jirushe. Nikaumeza. Nikamwambia kweli, kama nilivyoisikia kwa fundi: uzito unakaa kwenye mikono mpaka viwiko, siyo kichwani. Mwanzo unanyanyua makalio tu, miguu inabaki chini, pumzi tano, mwezi mzima. Shingo ikiuma, unashuka.

Akanitazama sana. "Mwezi mzima? Mashindano yapite? Unalipiza wewe."

"Silipizi."

"Unanidanganya, shemeji. Naona machoni." Akanyanyuka akaenda.

Hapo ndipo nilipoumia kuliko kiuno. Kunivunja alinivunja, nikajiambia ni tamaa ya kuwa mbele, hata mimi ninayo. Lakini kuniangalia akaona mtu kama yeye!

Mnangoja niseme shingo ilivunjika. Nduhu. Hakuvunjika hata ukucha. Alijirusha hivyohivyo, akasimama kwa kichwa kama nguzo ya simu, na dada yangu akapiga vigelegele pamoja na wengine, maana ni mume wake, angefanyaje. Mimi nilibaki nyumbani. Ngoma zilisikika vizuri tu. Nikaliamkia jua mara mbili, siyo tano, kisha nikalala chali nikafumba macho.