Ludo na Simu ya Jumapili

Naweka dau sahani ya pilau, hakuna atakayeniamini. Na pilau nitaila mwenyewe.

Dada yangu Brigitha anakaa Doonside, huku ughaibuni, anaogesha wazee kwenye nyumba ya wazee kule Auburn. Mumewe kaenda Perth, mwisho mwingine wa nchi, simu hapokei. Kabaki na mtoto wao Ludo, miaka miwili, meno kama panya buku. Chekechea wameshamwambia, aking'ata mwalimu tena nafasi hana. Na bila chekechea, Brigitha kazi hana.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Watoto wa Doonside wote wananiogopa."

"Wanakucheka, kaka Erasmus."

"Meno yanamwasha tu huyo. Mpe mfupa wa kuku."

Jumapili jioni nikaenda kumtia adabu. Namkuta dada jikoni analia kimya kimya, Ludo yuko chini ya meza na kijiko chake, mpole kama kondoo. Simu ikaita. Mama, kutoka Bukoba, kwa video.

Brigitha akajifuta uso kwa kanga, akainua simu, tabasamu hilo, meno yote nje. "Shikamoo mama. Sisi wazima kabisa, tunakula, tunacheka."

Na mimi nikadakia, "Kanenepa huyu binti yako."

Ludo akatupa kijiko. Akaja mbio, akaung'ata mkono ulioshika simu mpaka damu. Simu ikakatika, dada akalia kuliko mwanzo.

Nikamuuliza, "Chekechea huwa anang'ata wakati gani?"

"Mwalimu akiinua simu kumpiga picha. Mwalimu akishamtabasamia tu."

Jamani! Mtoto hata suruali hajui kuvaa, lakini kwa simu za mama yake za kila Jumapili, hilo alishalijua: mtu akiinua simu na kutabasamu, kilio kinafuata.

Brigitha akanitazama. Halafu akampigia mama tena.

"Usimwambie," nikasema. "Presha itamuua."

Hakunisikia. "Mama, hatuko wazima." Akasema yote, ya Perth, ya usiku bila usingizi.

Mama akajibu, "Nilijua, mwanangu. Nani anacheka kila Jumapili bila sababu? Lia tu, nipo."

Dada akalia, simu mkononi. Ludo akasogea, nikafumba macho. Akashika ncha ya kanga, akamfuta mama yake pua.

Jumatatu dada akamweleza mwalimu, simu ikawekwa kabatini. Wiki nzima hakung'atwa mtu. Nafasi ya Ludo ipo.

Mimi nilisema ni meno. Hayakuwa meno.