Zamu ya Marehemu

Jumamosi aliyokwenda kurudisha kitabu cha marehemu mumewe, Mama Pasi alipitia kazini kwanza. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mvuke wa pasi hufanya kila mtu aonekane ametoka kuoga. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe zake, wanavuta, wanatikisa, kisha wanasogeleana mpaka vidole vikutane. Mwenzake wa kukunja, mama mmoja mwenye huruma kupita kiasi, kila walipokutana alimchungulia usoni.

"Hujalia bado, dada?"

"Bado," alijibu Mama Pasi, kama aliyeulizwa kama amekula.

Watu walimsifu eti amejikaza. Watu bwana! Mtu amekufa ganzi mwili na roho, wao wanamwita shupavu. Msibani alipokea pole, akahesabu vikombe, akamkemea binti yake kwa kusahau sukari. Hakusikia uchungu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona, lakini si wako.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Wiki nzima alishinda kwenye mashimo ya majengo na grisi mpaka viwikoni, lakini Jumamosi mchana alivaa shati lililopigwa pasi na mwenye kazi yake, akaenda chumba cha nyuma cha maktaba. Huko yeye na wenzake walijadili vitabu vikuu vya watu wa Magharibi: Wagiriki, Warumi, na wale waliokuja baadaye wakabishana juu ya mfalme na sheria, dini na akili, uhuru na wajibu. Vitabu vinene, ambavyo ukimwangushia paka, huna paka tena.

Mama Pasi hakuvipenda. Ijumaa jioni fundi alikaa jikoni akipiga viatu rangi huku akijifunza maneno yake kwa sauti, na maneno hayo yalikuwa hayaeleweki. Mwezi huu alimtetea mfalme asiyeulizwa kitu, yeye aliyegombana na kila bosi aliyempata. Mwezi ujao alisema umati hauna akili, apewe mtu mmoja aamue. Mama Pasi alidhani vitabu vimemharibu mume. Lakini kilichomkera hasa ni habari ya roho, iliyorudi kila mwaka. "Mtu akifa amekwisha," fundi aliiambia brashi ya viatu. "Taa ikizimwa, hatuulizi mwanga umekwenda wapi. Hakuna kubaki, hakuna kungoja, hakuna kuonana."

"Hayo kawaambie wenzio," mkewe alisema. "Hapa jikoni tunapika."

"Njoo Jumamosi usikie mwenyewe."

"Nina kazi."

Aliitwa miaka yote, na miaka yote alikuwa na kazi.

Kisha moyo wa fundi ukaanza kumchezea. Siku ya upasuaji walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mkewe akitembea kando ameshika mkoba wake. Kwenye mlango ambao ndugu hawavuki, fundi alimgeukia akasema, "Tutaonana, mke wangu."

Hofu ikitaka kutoka hutafuta mlango wowote, na kwa Mama Pasi ilitokea mdomoni. "Tutaonana wapi? Si wewe unayesema hakuna kuonana?"

Fundi alicheka mpaka muuguzi akageuka. "Ungekuja siku moja pale maktaba," alisema. Mlango ukafungwa. Hakutoka tena akiwa hai.

Hilo ndilo lililomkaa Mama Pasi kooni, likagoma kupanda wala kushuka. Hakumwambia hata binti yake. Je, mume wake alikwenda akiamini kwamba ndiyo basi, kwamba yeye na mke wa miaka yote wamezimika kama taa? Na kama aliamini hivyo, ile "tutaonana" ilikuwa ya nini, ya kumtuliza kama mtoto?

Kwa hiyo Jumamosi ile alitoka kazini na kitabu kwenye mfuko wa plastiki. Alikusudia kukiacha mezani na kuondoka. Lakini mkutubi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimshika mkono akampeleka chumba cha nyuma. Kulikuwa na meza moja, viti vya kila aina, na birika la chai. Kiti kimoja kilikuwa kitupu na hakuna aliyekiwekea mkoba.

"Shemeji! Karibu, karibu sana," alisema mzee mmoja mwembamba, akasimama. Huyu ndiye aliyeitwa Mzee Lakini, kwa sababu hajawahi kuanza sentensi kwa neno jingine akiwa anabishana. "Keti. Ni kiti chake."

Mama Pasi akaketi. Kiti kilikuwa kigumu.

"Leo ilikuwa zamu yake," mkutubi alisema. "Roho. Kila mwaka tunaufungua kwa swali hilo. Tumeshindwa kumpa mtu mwingine."

"Najua alichotaka kusema," Mama Pasi alisema. "Kwamba mtu akifa amekwisha. Nimeyasikia jikoni mpaka nimeyachoka."

Mzee Lakini alicheka kidogo. "Na aliyasema vizuri, shemeji. Vizuri kuliko watu wanaoyaamini."

"Una maana gani?"

Walitazamana. Mkutubi akavua miwani. "Hakukwambia utaratibu wetu? Hapa mtu hatetei anachokiamini. Tunakuuliza kwanza upande wako ni upi, kisha tunakupa ule mwingine. Ndivyo tulivyoanza, ili tusije tukawa tunagombana tu. Mumeo aliamini roho inabaki. Alishikilia hivyo kama ng'ombe aliyegoma. Ndiyo maana kila mwaka tulimpa ile ya taa."

"Na mfalme?"

"Mfalme! Alimchukia mfalme vibaya mno."

Mama Pasi aliangalia mikono yake juu ya meza. Ilikuwa imekunjamana kwa maji ya kufulia. Alingoja kusikia furaha, au aibu, au chochote. Hapakuwa na kitu. Alijiona kama mtu aliyefikishiwa mzigo alioungoja miaka na hana pa kuuweka.

"Shemeji," Mzee Lakini alisema polepole, "si lazima. Lakini zamu ni ya kiti hicho. Ukitaka kusema, tuambie unaamini lipi, tukupe jingine."

Birika lilikuwa linapoa. Unaamini lipi? Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza hilo. Walimuuliza kama amekula, kama amelala, kama amelia.

"Nipeni lile lake, la taa," alisema.

Mkutubi alimtazama. Kila mtu pale alielewa kilichosemwa, na hakuna aliyekitaja.

Mama Pasi akasimama, akashika ukingo wa meza kama anavyoshika pembe za shuka. Maneno yalikuja yenyewe, na sauti yake haikuwa na chumvi wala pilipili. "Mtu akifa amekwisha," alisema. "Taa ikizimwa, hatuulizi mwanga umekwenda wapi. Hakuna kubaki. Hakuna kungoja." Akauachia ukingo wa meza. "Hakuna kuonana."

Akaketi. Hajawahi kubishana na mtu yeyote bila kutaka kushinda. Muulize binti yake. Sasa aliwatazama wale wazee na vitabu vyao mmoja baada ya mwingine, akiomba moyoni wamshinde, wamshinde kabisa, wasimwachie hata neno moja.

Mzee Lakini alikohoa, akavuta kiti chake karibu na meza.

"Lakini, shemeji," alianza, na Mama Pasi akaanza kulia.