Keram ya Futi Nne

Mama alizikwa mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, na tangu siku hiyo baba aliacha kusema. Sitii chumvi. Kila Ijumaa niliporudi nyumbani kutoka mjini Kisii, ambako nilikuwa karani, niliyahesabu maneno yake: "Umefika." "Ng'ombe wamekunywa." "Lala salama." Kufikia Juni hata lile la ng'ombe lilikuwa limekwisha. Chakula alichopelekewa na mke wangu kilirudi nusu, kisha kikaanza kurudi chote. Majirani walipokuja kutujulia hali, walilitazama kaburi la mama, halafu wakaitazama nafasi iliyo kando yake.

Nilijua jambo moja juu ya baba ambalo halikuhusu shamba. Kabla sijazaliwa alikuwa mpakiaji wa magunia katika duka la Mhindi mmoja mjini. Jioni, duka likifungwa, wapakiaji waliruhusiwa kucheza keram barazani: ule mchezo wa ubao wenye matundu manne kwenye kona, ambapo kete kubwa hufyatuliwa kwa kidole ili isukume zile ndogo zitumbukie. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema kicheko cha baba kilisikika hadi ng'ambo ya barabara, na kwamba alikifahamu kicheko kabla ya kumfahamu mwenyewe. Mimi sikuwahi kukisikia.

Basi nikaamua kuunda keram. Sikuwa seremala. Nilikuwa na msumeno, patasi moja na randa ya kuazima. Dukani plaiwudi iliuzwa shiti nzima au nusu, na nusu ni futi nne kwa nne. Keram ya kawaida haifiki hapo, lakini nilifikiri macho ya baba yamechoka na ukubwa utamfaa. Sisi ni Waadventista, kwa hiyo Jumamosi haikuguswa. Kazi yote ilifanyika Jumapili, tangu alfajiri hadi saa yangu ya kurudi mjini.

Nilianza na matundu. Nilichora duara kwa kikombe, nikatoboa vitundu kuizunguka kwa keekee, nikamalizia kwa tupa. Tundu la tatu lilipasuka ukingoni. Jumapili iliyofuata nilipiga fremu ya saipresi, lakini mbao zilikuwa bado mbichi na kona zikaachana nikiwa mjini. Nikaing'oa yote, mbao zikakaa juu ya meko wiki mbili, nikaanza upya. Kete nilizikata kutoka mpini wa jembe, vipande kumi na tisa, na ile kubwa ya kufyatulia nikaichonga kutoka kipande cha saipresi. Tisa nikavipaka rangi nyeusi ya viatu, kimoja nyekundu. Mke wangu akashona vifuko vya kuning'inia chini ya matundu. Nilisugua ubao kwa msasa mpaka kiganja kikawa kinateleza chenyewe.

Baba alipita mara mbili, akatazama, akaenda zake.

Ilipokwisha niliiweka barazani kwake, juu ya masanduku mawili, nikanyunyiza poda, nikamwita. Alikuja. Akaketi, akaupapasa ubao kwa upande wa mkono, akafyatua. Kete mbili zikaingia.

"Umeingiza, baba."

"Mm."

Nikapiga, nikakosa. Akapiga, ikaingia. Tulicheza kama watu wanaotia sahihi karatasi. Kabla ya mchezo kwisha aliiweka kando ile kete kubwa.

"Nusu ya mchezo huu ni mdomo," alisema. "Sasa wewe nikutukane vipi? Wewe ni mwanangu."

Akaingia ndani.

Alisema kweli. Kwetu kuna chinsoni, sheria za heshima na haya kati ya mzazi na mtoto. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na baba na mwana hawataniani. Mzaha na maneno ya wazi ni ya watu wa rika moja, au ya babu na wajukuu wake, nami sikuwa na mtoto. Niliyajua hayo tangu jandoni. Nilipima kila upande wa ule ubao na hilo sikulipima.

Kati ya wale wapakiaji alibaki hai mmoja, mwenzake wa jando, aliyehamia Nyansiongo mashamba ya wazungu yalipogawanywa. Jumapili iliyofuata nilimwendea. Nilimweleza kila kitu, pamoja na vile vyakula vinavyorudi. Alichukua koti lake.

Alipouona ubao alisimama uani.

"Hiki nini? Kitanda cha ng'ombe?"

"Mwanangu ameunda," baba alijibu kutoka mlangoni.

"Kumbe! Karani ameona huoni, amekujengea uwanja wa ndege."

"Keti," baba akasema. "Mkono wako bado unatetemeka kama wa mwizi wa kuku?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, kinywa wazi. Yule mzee akanigeukia.

"Kijana, shambani kwenu hakuna kazi?"

Yeye pia, kwa rika, alikuwa baba yangu. Nikaenda migombani nyuma ya nyumba, nikajifanya nakata majani makavu.

Nilisikia kete zikigongana na sauti mbili zikipanda. Kisha kicheko. Kilikuwa chembamba kuliko nilivyokuwa nimekiwazia. Halafu kete zikanyamaza na baba akaanza kusema, polepole, mfululizo, kwa muda ambao sikuwahi kumsikia akisema. Jina la mama lilinifikia mara mbili. Mengine hayakufika.

Mke wangu alikuja na kuni.

"Anasema nini?"

"Sijui."

"Si ndiyo kazi yako, kuandika ya watu? Sogea usikie."

Nilisogea hatua tatu. Yule mzee akakohoa, kikohozi cha kuonya, nikarudi nyuma mpaka zisisikike hata sauti.

Yule mzee alikuja mara nne kabla ya mwaka kwisha, na siku hizo baba alimaliza chakula. Kwangu alibaki na "Umefika." Alifariki mwaka uliofuata, mahindi yakiwa bado mabichi. Baada ya mazishi nilimsindikiza rafiki yake, na njiani nikamuuliza baba alikuwa akisema nini juu ya mama.

Alisimama njiani.

"Ungekuwa mjukuu wangu," alisema, "ningekuambia."

Akanipa mkono, akashika njia.