Kuku wa bibi yangu walikula maoni ya mlima mzima siku parokia inajipima

Wakuu, amani kwenu. Wa Dar, wa Nairobi, wa Goma, na nyinyi mnaosomaka bila kuacha hata neno.

Haya ninayoandika niliyaona na macho yangu, na mengine niliyaleta mwenyewe. Anayebisha aje Rusizi, Rwanda, aulize mzee wa matofali. Ataonyeshwa.

Kwanza mnijue. Shida yangu ilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, kule Bukavu. Baba alikufa, nikatoka darasa la tatu nikaenda kukanyaga udongo kwa mtu mwenye tanuru. Kalamu niliiacha hapo. Matofali sijayaacha mpaka leo.

Tuliporudi Rwanda nilikuja na mama yangu, bibi yangu, na fremu moja ya mbao ya kufyatulia matofali. Hakuna mtu aliyenipa kitu. Sisemi hivi kwa kujisifu.

Sawa, ni kwa kujisifu kidogo.

Kiswahili changu ni cha Kivu. Ukikuta "bantu" ujue ni watu, "bibi" ni mke wangu wala si nyanya, "soda" ni askari, usianze kunisahihisha.

Sasa twende.

Jumapili moja Padri Mkuu wa parokia yetu (parokia siitaji jina) alisimama akasema mwaka huu parokia itajipima. Kila jumuiya ikae ijiulize: nini kinaenda vizuri, nini kinaenda vibaya, na miaka inayokuja tunataka nini. Majibu yaletwe kwa mkutano mkubwa, na hapo ndipo plan ya parokia itatoka.

Akamaliza hivi: "Semeni ukweli. Musinipambe."

Mimi ni mkuu wa jumuiya ya mlimani kwetu, upande wa kwenda Nyakabuye. Ukweli wetu niliujua. Tulikuwa na kanisa dogo la udongo. Mvua ikaangusha ukuta wa nyuma, paa likafuata. Tangu siku hiyo, kwenda Misa ni kushuka bonde na kupanda mlima wa pili mpaka parokiani. Kijana anafika ameloa jasho. Mzee hafiki.

Na mama yangu ni mzee.

Vijana walisema watambeba kwa ingobyi, ile machela yetu tunayobebea wagonjwa mpaka barabarani. Mama akakataa.

"Ingobyi ni ya mugonjwa na ya maiti," alisema. "Mimi si mugonjwa. Kwa Bwana nitaingia na miguu yangu, ao siendi."

Hakwenda. Kila Jumapili anaoga, anavaa kitenge chake kizuri, anakaa mlangoni na rozari, anatazama mlima wa parokia. Nikipita ananiuliza, "Wewe mwenye matofali, kanisa iko wapi?"

Mtauliza mbona sikujenga. Wakuu, kanisa si choo. Haujengi bila parokia kukubali. Na kusema kweli, matofali yaliyokuwa tanuruni yalikuwa na mwenyewe, mfanyabiashara wa Kamembe anayejenga loji.

Kwa hiyo kwangu hii kujipima haikuwa mchezo. Mkutano ukiandika kwamba mlimani kuna shida, kanisa linaingia kwa plan. Usipoandika, mama yangu anabaki mlangoni mpaka Mungu amchukue.

Nikaita jumuiya. Nikauliza, "Nini inaenda vibaya?"

Mmoja akauliza kama mvua itanyesha.

Watu wetu hawasemi kibaya cha mkubwa, hata mkubwa akiomba. Mwishoni alisimama Papa Silasi, ambaye mtoto wake ameanza kutembea bado hajabatizwa kwa sababu ya huo mlima. Akasema, "Yote iko muzuri. Tumushukuru Mungu na Padri."

Watu wakapiga makofi.

Ndipo akili yangu ya darasa la tatu ikafanya kazi. Nikasema basi hakuna kusema, na hakuna kuandika, maana nusu yetu hatuandiki. Tuweke vitunga, vile vikapu vidogo, nyuma ya nyumba. Cha katekesi, cha kwaya, cha viongozi, cha kanisa la mlimani. Kila mtu apite peke yake, ngumi imefungwa. Anayeona mambo ni mazuri atie haragi. Anayeona ni mabaya atie punje ya hindi.

Hapo ubishi ukaanza. Watu waliokuwa bubu sasa kila mmoja ana neno.

Shemeji yangu analima mchele Bugarama, alikuwa amekuja kututembelea tu. Akasema, "Kwa nini muzuri ikuwe haragi? Muzuri ni muchele."

Mama mmoja wa kwaya naye, "Na mahindi ilikosa nini? Batoto banakulaka nini hapa?"

Tukamwambia shemeji yeye ni mgeni. Mahindi tukayaomba msamaha. Tukaendelea.

Watu walipomaliza kupita nilichungulia. Kitunga cha kanisa kilikuwa njano tupu, maharagi ya kuhesabu na vidole. Nikafurahi sana. Kitunga cha viongozi nacho kilikuwa na mahindi kuliko nilivyotegemea, lakini hiyo siyo mada ya uzi huu.

Jua bado liko, nikaviweka wazi jikoni kwa bibi yangu, pakavu, nisubiri mkutano wa kesho yake, Jumapili.

Wakuu, kwetu kuku wanalalaka jikoni, wasiibiwe. Kila mtu anajua. Na mimi nilijua.

Alfajiri, jikoni bado giza, nikafunika vitunga kwa vitambaa, nikafunga, nikapanda moto, yaani pikipiki. Bibi yangu na wengine walishuka kwa miguu.

Salle, ule ukumbi wa parokia, ilijaa. Mbele alikaa Mwalimu Anaklet, sekreteri wa komite, na laptop yake, na maneno yanatokea ukutani. Tulipoitwa nilipeleka vitunga mwenyewe, kifua mbele. Nikaeleza haragi ni nini na hindi ni nini. Watu wakasema huyu mzee ana akili.

Mwalimu akafungua kitambaa cha kwanza. Maharagi tupu.

Cha pili. Maharagi tupu.

Cha viongozi, maharagi. Nikasema moyoni, huu sasa ni muujiza.

Cha kanisa la mlimani. Maharagi machache yanazunguka chini, peke yao.

Mwalimu akaandika, na ukutani ikatokea: MLIMANI, HAKUNA SHIDA. Padri akatupongeza, akasema jumuiya kama hii ndiyo ya kuigwa. Mwalimu akaongeza kwamba kwa kuwa mlimani wameridhika, jambo la kwanza kwa plan liwe kuweka karo, vile vigae vya chini, kwa salle ya parokia.

Nikainama kuangalia ndani ya kitunga. Kulikuwa na nyoya jekundu.

Nikasimama. "Padri, ukweli wetu umeliwa."

"Umeliwa na nani?"

"Na kuku."

Kwaya nzima ililala juu ya benchi kwa kicheko. Padri alivua miwani akaipangusa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Mwalimu hakucheka. "Mzee, kuku wako wanachagua? Wanakula mabaya, wanaacha mazuri?"

"Kuku hali haragi kavu," nikamjibu. "Hata wewe Mwalimu haukulaka."

Sauti ikatoka nyuma, "Hiyo kuku iko na akili, tuiweke kwa komite."

Mwalimu akangoja wanyamaze, kisha akauliza polepole, "Na kanisa ikijengwa kule kwenu, matofali itatoka kwa nani?"

Salle yote, "Eeeeh."

Hapo nikaanza kufunika vitunga kimoja kimoja. Mimi ambaye jibu huwa linatangulia swali.

Padri akasema tusigombane, jambo ni rahisi. "Bantu ba mlimani, aliyetia mahindi anyooshe mukono."

Hakuna mkono. Niliwaangalia watu wangu, wao wakaangalia dari. Papa Silasi aliinama kufunga kamba za viatu, na amevaa sandali.

Akilini nilimwona mama yangu kule nyumbani, mlangoni na kitenge chake. Nikajua imekwisha.

Ndipo bibi yangu akasimama. Maman Feza haongei mbele ya watu. Siku hiyo aliongea.

"Mimi nilitia mahindi," alisema. "Kwa kanisa. Na kwa kitunga ya viongozi nilitia tena, sababu mukubwa wetu anasemaka sana, hasikilizaki."

Watu wakanigeukia. Nikavumilia.

"Na kuku ni zangu, munisamehe. Lakini mama mukwe wangu iko kule, amevaa, amekaa ku mulango. Muende mumuulize yeye. Yeye kuku haikumukula."

Padri akarudisha miwani usoni.

Mkono mmoja ukapanda. Ulikuwa wa yule mama wa kwaya mwenye kutetea mahindi. Ukafuata mwingine, halafu mingi. Papa Silasi naye alinyoosha, nusu, usawa wa sikio.

Padri akamwambia Mwalimu, "Futa. Andika upya."

Mwalimu si mtu mbaya, alifuta. Tukaanza kupanga. Mawe, watu wa mlimani. Mchanga, walio karibu na mto. Mabati, parokia. Kubeba, wote, Jumamosi.

"Matofali?" akauliza Mwalimu.

Shingo zote zikanigeukia. Nikaanza taratibu, "Matofali, hiyo tutaangalia vile..."

Maman Feza alikuwa bado amesimama. "Matofali iko. Iko tanuru nzima, imeiva."

Kwa msiojua Rwanda: hapa ahadi ikisemwa umesimama mbele ya watu ni umuhigo. Hairudi nyumbani na wewe. Utaulizwa sokoni, utaulizwa msibani.

Padri akaniangalia. "Mzee, huo umuhigo ni wako?"

Niliangalia yule mwanamke. Nikasema, "Ni wangu."

Tukirudi nilitangulia kwa njia, hatua ndefu. Akaniuliza kwa nyuma, "Papa Feza, umenuna?"

"Sikununa."

"Basi mbona unatembea kama soda anaenda vita?"

Yule wa loji nilimwambia angoje tanuru linalofuata. Alichonijibu ma-mods hawataruhusu.

Kanisa limesimama. Madirisha bado, chini bado udongo. Siku ya Misa ya kwanza mama alitoka nyumbani na fimbo yake, akakataa mkono wangu, akakataa wa mjukuu. Alifika mlangoni akasimama, Padri na kanzu yake nyuma, foleni yote nyuma ya Padri. Akagonga ukuta na fimbo.

"Hii tofali ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

"Imeiva."

Akaingia. Akakaa benchi la mbele, nafasi ya Mwalimu Anaklet, na Mwalimu akatafuta nyingine. Mimi nilibaki nje kidogo, nikajifanya nakagua kona ya ukuta.

Funzo langu, wakuu. Kitunga hakisemi kwa ajili yako. Ukitaka kitu kwa parokia, kwa kijiji, popote, fungua mdomo wako mwenyewe, ukijua utaulizwa wewe unaleta nini. Na maoni ya watu usiyalaze na kuku.

Nyinyi kwenu parokia, ao msikiti, ao kanisa lolote, mnajipimaje? Mkubwa mnamwambia ukweli, ao mnapiga makofi tu? Semeni. Mwenye kunitukana naye aseme, nimezoea, nina bibi.

Na kwa sababu kuna mtu atauliza huyu mzee asiyesoma ana nini, nilicho nacho leo ni hiki:

Nyumba ya matofali, yenye bati.

Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba.

Shamba la ndizi.

Simu hii, naandika mwenyewe.

Matanuru mawili, moja tupu.

Kuku, wote wazima, wanono.

Bibi mmoja, mkali.

Mama, ambaye Jumapili simkuti mlangoni.