Elia na mbio za mwisho za magari uchi, Mtinko

Jamani, mtu aniambie ni utani. Jana nilikuwa kwenye meeting hapa Singida mjini, simu ikaita mara tatu nikakata. Ya nne nikapokea: Elia ameanguka gerejini kwake Mtinko, presha, amefariki.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta funguo ambazo ziko mkononi mwangu.

Wengi mnamjua kama fundi pikipiki. Wachache mnajua kwamba ndiye aliyeanzisha mashindano ya magari kule kwetu. Ndiyo, magari! Fremu ya mabomba aliyochomelea mwenyewe, injini ya pikipiki, tairi nne za bajaji ziko nje nje, hakuna bodi wala paa. Dereva unakaa kama uko kwenye beseni.

Kijiji kikayaita magari uchi. Mtendaji akakataa kugonga muhuri kwenye barua yenye neno hilo, Elia akaandika upya: "Magari Yasiyovaa." Akapewa kibali, aisee!

Tulikimbia miaka minne, kila baada ya kuvuna alizeti, tukizunguka uwanja wa mnada. Mwaka wa kwanza tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na langu lilizimika likasukumwa na wachunga ng'ombe.

Mwaka wa nne yalikuwa magari tisa. Hata bibi yake Elia, aliyekuwa akisema ule ni ushetani, alikuja na kigoda chake akakaa mbele kabisa.

Kisha uwanja ukazungushiwa uzio, ikajengwa mashine ya kukamua alizeti, mashindano yakafa. Kila tukikutana Elia ananiambia, "Kaka, tutarudia." Mimi nina deadline. Kila siku mimi nina deadline.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni tangu jana, acheni niliseme.

Mbio za mwisho nilishinda mimi. Kombe lilikuwa rimu ya bajaji iliyopakwa rangi ya dhahabu, na mpaka leo liko mezani kwangu ofisini. Kila mgeni namsimulia: Elia alikuwa mbele mzunguko wa mwisho, mnyororo wake ukakatika, nikapita.

Haukukatika.

Baba yangu alikuwa ndiyo kwanza amefika, amesimama peke yake kwenye kona ya mwisho na fimbo yake, vumbi lote linamwendea yeye, watu wa upande wa pili hawaoni kitu. Elia alimwona, akafunga breki, akazima injini, akavua kofia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umesimama, si mnashindana?"

"Sasa ningekupitaje na vumbi lote hili, baba?"

Mimi pia nilimwona. Nilimwona baba yangu mzazi, nikaongeza moto.

Maneno hayo baba alinisimulia mwenyewe jioni ile. Halafu akaniuliza, "Na yule wa nyuma yake aliyenipita, ni mtoto wa nani?" Alijua vizuri tu.

Watu walipomuuliza Elia kwa nini alisimama, aliniangalia kwanza, kisha akacheka: "Mnyororo, bwana." Angesema ukweli, Mtinko nzima ingejua nimempita baba bila salamu, na hilo kwetu halifutiki. Alinisitiri. Mimi nikaigeuza stara yake kuwa hadithi ya ushindi wangu, miaka yote hii, na hakuwahi kunisuta hata kwa utani. Naona aibu, jamani. Naona aibu sana.

Leo asubuhi nimempigia baba. Nimesema shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Kesho kwenye mazishi uje na hicho chuma."

Nakuja nacho, Elia. Nitampa mama yako mkononi, na nitasema mbele ya watu wote kilichotokea kwenye ile kona.

Mnyororo wako ulikuwa mzima, kaka. Lala salama, wewe uliyekuwa wa kwanza.